Shomoro wa Arusha si mmoja

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wachuuzi wa nafaka katika Soko la Kilombero bado wanakunjua maturubai, na shomoro wameshaanza kula. Wanashuka kutoka kwenye mabati wawili watatu, wanarukaruka kwa miguu yote miwili kama waliofungwa kamba, wanadokoa chenga za mchele zilizomwagika jana, kisha wanapaa kwa mkupuo ufagio unapopita. Mama mmoja anayeuza ulezi na mtama nilimkuta amewaachia kona ya meza.

"Mama, shikamoo. Hawa ni ndege gani?"

"Marahaba. Si shomoro hao! Kwani hukukulia hapa, mwanangu?"

"Wote ni shomoro?"

Akawatazama kidogo, kwa heshima yangu tu. "Wote. Ilimradi wasinichafulie mtama."

Alikuwa sahihi, wote ni shomoro. Lakini juu ya bati lile lile walikaa ndege wa aina mbili. Mmoja alikuwa na mashavu meupe, utosi wa kijivu na doa jeusi lililoanzia chini ya mdomo likashuka kifuani kama ndevu za shehe. Mwenzake hakuwa na ndevu wala mashavu meupe. Kichwa chake chote kilikuwa cha kijivu kitupu, na mgongo wa kahawia iliyofifia. Nimeishi katika mji huu miaka mingi nikiwapita hawa wawili kila siku, na nilianza kuwatenganisha pale tu niliponunua darubini ya mtumba.

Kiswahili chenyewe hakijawahi kuwa na haraka ya kuwagawa. Pwani utasikia shomoro, jurawa na shorewanda, na wazee wawili wa mtaa mmoja wanaweza wasikubaliane jina lipi ni la ndege yupi. Waliotafsiri Biblia walichagua shomoro. Zaburi ya 84 ikamweka jirani na mbayuwayu, wote wawili wakitafuta pa kutagia, na Injili ya Mathayo ikamtaja kama bidhaa ya bei ya chini kabisa sokoni. Huku bara jina limetanuka mpaka linabeba karibu kila ndege mdogo wa kahawia. Mkulima wa mpunga wa Mto wa Mbu akilalamika kwamba shomoro wamemaliza shamba, mara nyingi anayemsema ni kwelea kwelea, anayetembea kwa makundi ya maelfu na ambaye Serikali humfuata kwa ndege za kunyunyizia dawa. Huyo ni wa ukoo mwingine, ukoo wa mnana, ndege wafumao viota.

Vitabu navyo visijifanye vimewahi kuwa na jibu moja. Kwa muda mrefu wataalamu waliwaweka shomoro ndani ya ukoo huo huo wa mnana. Leo wana familia yao, Passeridae, yenye aina zipatazo 40 hivi, nyingi zikiwa za Afrika, Asia na Ulaya. Mojawapo ya alama za ukoo huu imejificha mdomoni: ulimi wa shomoro una kifupa cha ziada kinachomsaidia kuikaza mbegu wakati mdomo unaimenya. Nyingine unaiona kwenye kiota. Mnana hufuma, anafunga mafundo na kupitisha jani juu na chini kama msusi wa mkeka. Shomoro husokomeza. Nyasi, manyoya, nyuzi za gunia, kipande cha mfuko wa plastiki, vyote vinaingia tunduni bila mpangilio wa kumwonyesha mgeni.

Yule mwenye ndevu nyeusi ndiye shomoro wa majumbani, Passer domesticus, mzaliwa wa mbali aliyefika kwetu kwa kupanda chombo. Carl Linnaeus wa Sweden alimpa jina la kisayansi mwaka 1758. Wa ukanda wetu ana asili ya Bara Hindi: aliingia Zanzibar karibu na mwaka 1900, akaonekana Mombasa katikati ya karne iliyopita, halafu akapanda bara polepole kwa kufuata miji, stesheni na barabara. Hana safari ndefu za angani. Anahama kama machinga, kutoka kituo hadi kituo, palipo na watu na makombo. Huko Marekani walimpeleka wenyewe, Brooklyn, mwanzoni mwa miaka ya 1850, na leo amelijaza bara zima.

Ushirika wake na binadamu umeingia hadi kwenye damu. Mwaka 2018 watafiti walichapisha matokeo ya kulinganisha vinasaba vya shomoro wa majumbani na vya ndugu yake wa Asia ya Kati anayeishi porini bila kutegemea watu. Katika yule wa majumbani walikuta mabadiliko kwenye vinasaba vinavyohusika na umbo la fuvu, na vingine vinavyohusika na kusaga wanga. Mbwa naye ana mabadiliko ya namna hiyo kwenye wanga tangu alipoanza kula mezani kwetu. Kwa maneno mengine, ndege huyu amekuwa mla ugali kabla sisi hatujamjua jina.

Mwenye kichwa cha kijivu ni mwenyeji, na hapo ndipo mambo yanaponoga. Mwaka 1904 Anton Reichenow, mtaalamu wa ndege wa makumbusho ya Berlin, alimwandika ndege wa nchi hii kwa jina la suahelicus, yaani wa Uswahilini. Reichenow alimaanisha nchi ya Waswahili, ambayo wakati huo ilikuwa koloni la Wajerumani. Lakini mtu wa Arusha akisikia Uswahilini anawaza Ngarenaro na Unga Limited, nyumba zilizobanana na mabati yenye matundu. Na huko ndiko utakakomkuta ndege mwenyewe, kwenye mwanya kati ya bati na ukuta, katika nguzo ya taa iliyotoboka, au ndani ya kiota cha udongo ambacho mbayuwayu alikiacha.

Ubishi ni huu: je, suahelicus ni aina kamili, au ni sura ya hapa tu ya shomoro mwenye kichwa cha kijivu aliyeenea Afrika? Yupo mwenzake kutoka Senegali hadi Uganda, mgongo mwekundu zaidi na koo jeupe. Yupo wa kusini mwa Afrika. Yupo wa Ethiopia, mweusimweusi. Yupo wa nyika kavu za Kenya mwenye mdomo mnene kama wa kasuku. Ramani zao zinagusana, na wanapogusana wengine huzaliana, wengine hukaa pamoja bila kuchanganyika. J. Denis Summers-Smith, Mwingereza aliyekuwa mhandisi kwa kazi na mfuasi wa shomoro kwa mapenzi, alitoa mwaka 1988 kitabu kizima juu ya jamii hii, naye aliwagawa. Orodha nyingi za sasa zinawahesabu watano. Mimi nimeridhika na watano, hasa kwa sababu nikiona picha za ndege wa Kampala na wa Arusha bega kwa bega, sihitaji kuambiwa yupi ni wa kwetu.

Sasa uache mji upande. Mlima Meru una mita 4,566, na ukiwa Mnara wa Saa unaudhania mlima mmoja wa kijani. Upande wa kusini na mashariki mvua inapiga, kuna mashamba ya kahawa na migomba ya Wameru kuzunguka Usa River na Tengeru, na shomoro wa kichwa cha kijivu anakufuata hadi ua wa mwisho wenye mahindi. Halafu msitu unaanza, naye anakoma. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, iliyoanzishwa mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto, unaweza kupanda siku nzima chini ya mipodo na mierezi bila kumsikia shomoro hata mmoja. Shomoro ni ndege wa mwanga na ardhi iliyo wazi. Mbegu anazozitaka zinaanguka chini na lazima aone zilipo. Kule juu, kwenye vibanda vya Miriakamba na Saddle, makombo ya wapanda mlima yanaokotwa na wengine. Kwa hiyo mlima huu umevaa shomoro kama mkufu: pete kuzunguka shingo ya chini, na katikati hakuna kitu.

Pete hiyo nayo haina rangi moja. Panda noah ya kwenda Oldonyo Sambu kwa barabara ya Namanga, upite Sakina na Ngaramtoni. Baada ya kona chache kijani kinakatika ghafla, kwa sababu mlima umeizuia mvua upande ule mwingine. Ukishuka utakuta vumbi, migunga na maboma. Hapo nilimwona kwa mara ya kwanza shomoro mwekundu wa Kenya, rufocinctus, ambaye licha ya jina lake ni wa Tanzania kaskazini pia. Dume lake lina ndevu nyeusi, na kwa mbali utamdhania yule wa Kilombero. Sogea. Mgongo ni wa rangi ya matofali, utepe mwekundu unatoka nyuma ya jicho ukizunguka shavu, na jicho lenyewe ni jeupe kama la mtu aliyeshtuka. Zamani alihesabiwa kuwa kitu kimoja na shomoro mkubwa wa kusini mwa Afrika. Wapo waliomwunganisha hata na shomoro wa visiwa vya Cape Verde, ambaye Charles Darwin alimkusanya mwaka 1832 meli ya Beagle ilipotia nanga huko.

Katika migunga hiyo hiyo anapita jurawa wa porini mwenye doa la njano kooni. Doa hilo usilitegemee, hulioni mpaka ainue kidevu. Yeye hataki bati la mtu. Anatagia kwenye matundu ya miti. Na pale unapoona mti umejaa mafungu ya nyasi kavu yaliyochanguka upande mmoja, kama mtu aliyetupa majani ya ng'ombe yakanasa, hao ni mnana wenye sura ya shomoro na nyusi nyeupe. Wamewapotosha wengi, mimi nikiwemo.

Niliyemtafuta kwa muda mrefu kuliko wote ni mdogo kuliko wote. Shomoro wa rangi ya chestnati, wa sentimita kama 11, dume lake wakati wa kuzaa limeiva lote kama kahawa iliyokaangwa sawasawa. Jina lake ni eminibey, na linamhusu Emin Pasha, daktari Mjerumani aliyezaliwa kwa jina la Eduard Schnitzer na akawa gavana wa jimbo la Ikweta chini ya Misri. Mwaka 1880, ndege alipopewa jina, alikuwa bado Bey. Upasha ulikuja baadaye, na mwishoni mwa 1889 akaja Bagamoyo, akaanguka kutoka ghorofani usiku wa karamu ya kumpokea na nusura afe. Ndege aliyebeba jina lake ana tabia ambayo gavana yeyote angeitambua. Hajengi akiweza kupora. Mwaka 1969 Robert Payne, mtafiti Mmarekani, alieleza jinsi shomoro hawa wanavyovamia koloni la mnana wanaoishi kwa ujima kwenye migunga. Dume linatua karibu na kiota cha wenyewe, linatetemesha mbawa, linafukuzwa, linarudi, linafukuzwa tena, mpaka wenye nyumba wanachoka. Kisha linaleta jike.

Nilimwonyesha layoni mmoja, mvulana wa Kimaasai aliyekuwa akichunga mbuzi chini ya mti. Hakuhitaji darubini.

"Huyo mwekundu? Huyo si wa hapa," akasema. "Anakujaga mvua ikishakata, anawatoa wenzake."

"Mnamwitaje?"

Akacheka. "Shomoro."

Nilitazama manati yaliyokuwa yakining'inia shingoni mwake nikanyamaza. China iliwawinda shomoro kitaifa mwaka 1958: shomoro wa miti alitangazwa mwizi wa nafaka, watu wakapiga sufuria ili asitue mpaka aanguke kwa uchovu. Makinda ya shomoro hulishwa wadudu, na walipopungua wazazi, wadudu wakabaki na mashamba. Kufikia 1960 jina lake lilikuwa limefutwa kwenye orodha ya maadui na la kunguni kuandikwa badala yake. Uingereza hakukuwa na kampeni kama hiyo, na bado shomoro wa majumbani amepungua huko kiasi kwamba tangu 2002 yumo kwenye orodha nyekundu ya ndege wao. Sababu zake zinabishaniwa mpaka leo.

Hapo Oldonyo Sambu, kabla ya kupanda noah ya kurudi, nilizunguka maduka ya kando ya lami nikimtafuta mwenye ndevu nyeusi na mashavu meupe. Pana kila anachokitaka: mashine ya kusaga, mama ntilie watatu, magunia ya maharage yaliyofunguliwa, malori ya Namanga yanayosimama dakika tano na kumwaga punje. Juu ya bati la mashine walikaa wa kichwa cha kijivu tu, sita, wakisubiri mashine izimwe. Kondakta akaniita mara mbili. Dirishani niliendelea kuhesabu, na wa kwanza mwenye ndevu nilimwona Ngaramtoni, kwenye kituo cha mafuta, akiokota kitu chini ya tairi la lori lililoelekeza pua kaskazini.