Hapana kula leo nguvu ya kesho
Neno kwa vijana wanaokimbia mbio ndefu siku mbili mfululizo



Ukiamka mapema katika mitaa ya Butembo ao ya Beni, utakutana na vijana wanaokimbia. Wengine wanatafuta afya tu. Wengine wanaota mambo makubwa zaidi. Wanakumbuka kwamba Makorobondo Salukombo, kijana wa Kirotshe huku kwetu Nord-Kivu, alikimbia marathoni katika michezo ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016, akivaa rangi za nchi yetu. Sasa wanauliza: je, mtu anaweza kukimbia kutoka Butembo mpaka Beni kwa siku moja? Ni karibu kilomita 54.

Jibu ni ndiyo, anaweza. Marathoni ni kilomita 42 na mita 195. Mbio yoyote inayopita pale inaitwa ultramarathoni. Kule Afrika ya Kusini wanakimbia kila mwaka mbio ya Comrades, kati ya Durban na Pietermaritzburg, karibu kilomita 90. Mwaka 1921, ilipoanza, watu 34 walitoka na 16 tu walifika. Leo maelfu wanafika. Hawakupata miguu mipya, walijifunza kujitayarisha.

Na njia moja ya kujitayarisha ndiyo ninataka kuzungumza nawe leo: kukimbia mbio ndefu leo, kiisha kesho yake kukimbia tena. Ni njia nzuri, lakini imevunja wengi kwa sababu hawakuielewa.

Kwa nini siku mbili?

Mwili unaweka akiba ya sukari katika misuli na katika maini. Ukikimbia saa mbili ao tatu, akiba ile inapungua sana, na inahitaji siku nzima ao zaidi, pamoja na chakula cha kutosha, ili ijae tena. Basi, kesho yake unaanza na kibuyu ambacho hakijajaa. Miguu ni mizito tangu hatua ya kwanza. Ndivyo utakavyojisikia katika kilomita za mwisho za mbio kubwa. Kwa njia hiyo unajifunza uchovu ule bila kukimbia kilomita 50 kwa mara moja, jambo ambalo lingekuumiza kwa majuma mengi.

Nilijifunza hilo kabla ya kusikia neno ultramarathoni. Nilipokuwa mwanafunzi wa shule ya Biblia, nilisafiri kwa miguu kuelekea Mangurujipa, kule kwenye machimbo ya dhahabu, karibu kilomita 100 kutoka Butembo. Njiani nilijiunga na watu waliosukuma baiskeli zenye mizigo ya chumvi, sabuni na mchele. Mimi nilikuwa na begi ndogo tu, basi siku ya kwanza niliwaacha nyuma kwenye kila mlima. Jioni mzee mmoja kati yao aliniambia: “Kijana, leo usimalize nguvu yote. Kesho nayo inataka kula.” Nilicheka. Kesho yake, kabla ya saa nne asubuhi, walinipita wote pamoja na baiskeli zao. Mimi niliketi kando ya barabara, magoti yamekataa.

Neno la mzee yule lina mafundisho yote ya jambo hili.

Siku ya kwanza

Kimbia polepole, kiasi cha kuweza kuzungumza na mwenzako bila kuhema. Mlima ukiwa mkali, tembea. Hata mabingwa wa ultramarathoni wanatembea. Uangalie zaidi mteremko. Butembo iko juu, Beni iko chini, na vijana wengi wanafikiri kushuka ni raha. Kumbe wakati wa kushuka mapaja yanafanya kazi ya frein, na maumivu yake hayaji siku ile ile, yanakuja kesho na kesho kutwa. Ukishuka kwa kasi leo, umeiba nguvu ya kesho.

Usiku wa katikati

Hapa ndipo siku ya pili inashinda ao inashindwa. Kula katika saa ya kwanza baada ya kufika: ndizi, viazi, mchele, bugali na maharagwe. Usingoje mpaka usiku. Kunywa maji kadiri ya kiu. Kama umetoka jasho jingi, tengeneza maji kama yale ya mtoto mwenye kuhara: litre moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Lakini hapana kujilazimisha kunywa maji matupu mengi kupita kiasi. Yanapunguza chumvi ya damu, na mtu anaweza kuumwa kichwa, kutapika, hata kupotewa na akili.

Osha miguu, ikaushe, angalia malengelenge. Kiisha lala mapema. Mtu aliyekesha, hata kama alikesha katika maombi, asikimbie siku ya pili.

Siku ya pili

Iwe fupi kuliko ya kwanza, nusu yake ao kidogo zaidi. Kama jana ulikimbia kilomita 20, leo 10 ao 12 zinatosha. Anza kwa kutembea dakika kumi. Usitazame saa. Leo hushindani na mtu. Unajifunza kwenda na mwili uliochoka, kula kidogo njiani, na kutokata tamaa.

Lakini jifunze kutofautisha uchovu na jeraha. Mapaja yote mawili yakiuma sawasawa, ni uchovu. Mahali pamoja pakiuma kama msumari, hasa juu ya mfupa, ao ukianza kuchechemea, simama. Rudi nyumbani. Kurudi si aibu.

Usifanye hivyo kila juma. Mara moja katika majuma mawili ao matatu inatosha, na siku ya tatu ni ya kupumzika. Kama hujazoea kukimbia mara nne kwa juma kwa miezi kadhaa, bado wakati wako. Na wewe ambaye hujafika miaka 18, ngoja. Mifupa yako ingali inajengwa.

Chungu ni cha jamaa nzima

Sasa niseme neno ambalo vijana hawapendi kusikia. Mtu wa kilo 60 anayekimbia kilomita 30 anatumia karibu kalori 1.800. Ni kama nusu kilo ya bunga mkavu, zaidi ya chakula chake cha kila siku. Je, bunga hiyo inatoka wapi? Inatoka katika chungu cha mama, ambamo wadogo zako nao wanakula.

Basi, kabla ya kupanga mbio zako, zungumza na mama, ao na bibi yako kama umeoa. Mweleze. Leta kitu nyumbani kwa kazi ya mikono yako. Kama chakula hakitoshi, punguza kilomita, usipunguze sahani ya mtoto. Na usijidanganye kwamba utakimbia kwa njaa: mwili utajila wenyewe. Binti anayekimbia, akiona siku zake za mwezi zimekoma na hana mimba, ajue kwamba huenda chakula hakitoshi. Apunguze mbio na aende kwa muganga.

Siku gani, na njia gani?

Ng'ambo wengi wanachagua siku ya posho na siku ya Mungu kwa kuwa hawaendi kazini. Mwenye nafasi atumie siku ya tano na siku ya posho asubuhi. Mwanafunzi akimbie mbio ndefu siku ya posho, na ile fupi siku ya Mungu baada ya ibada na chakula, kabla ya giza. Asiache kiti chake kitupu katika kwaya.

Kuhusu njia, tuseme ukweli. Tangu mwezi wa kumi mwaka 2014 tumezika watu wengi upande wa Beni. Barabara yenye pori si mahali pa kupima miguu yako. Chagua mzunguko wa kilomita 4 ao 5 katikati ya mitaa yenye watu, uurudie mara tano ao sita. Wengine watakucheka. Waache. Unapita karibu na nyumbani, unakunywa maji, mama anakuona. Kimbieni wawili ao watatu, na mtu nyumbani ajue saa ya kurudi.

Usikimbie ukiwa na homa. Nenda upimwe malaria. Usimeze vidonge vya maumivu kama ibuprofene ao diclofenac ili uweze kukimbia, maana vinaweza kuumiza figo za mtu aliyekauka maji. Na kama baada ya mbio mkojo umekuwa mweusi kama coca, ao kifua kinauma, hapana kungoja kesho. Nenda hospitali siku ile ile.

Ndugu yangu kijana, sikuandika haya ili nikuvunje moyo. Ninataka siku moja nikuone ukikimbia kilomita 54 katika nchi yenye amani, kutoka Butembo mpaka Beni, na wamama wakupigie vigelegele barabarani. Lakini siku ile haitafika kwa mtu anayetaka kuonyesha nguvu zake zote siku ya kwanza. Itafika kwa yule aliyejua kubakiza. Mzee wa baiskeli alifika Mangurujipa na chumvi yake. Mimi nilifika siku moja baadaye, nikitembea kwa fimbo.