Mtoto akivimba jicho: tusisubiri

Mtoto akiamka kope imevimba, wazazi wengi hudhani ameumwa na mdudu. Huenda ni maambukizi ya bakteria, nayo ni ya aina mbili.

Aina ya kwanza huishia kwenye kope, kutokana na jeraha, chokea au kuumwa na mdudu. Kope huwa na joto na huuma, lakini mtoto anaona vizuri na jicho linageuka bila maumivu. Hutibiwa kwa antibiotiki, na ni lazima aangaliwe tena kesho yake.

Aina ya pili huingia nyuma ya jicho, mara nyingi kutoka kwenye uwazi wa mifupa ya pua baada ya mafua. Dalili zake:

- jicho limetokeza nje;
- haligeuki, au likigeuka linauma;
- mtoto haoni vizuri;
- ana homa kali, anaumwa kichwa au anatapika.

Mtoto huyu apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Atalazwa, atapewa antibiotiki kwa mshipa, na pengine atafanyiwa upasuaji kutoa usaha. Akicheleweshwa anaweza kupofuka, au maambukizi yakafika kwenye ubongo.

Ikiwa kope imefunga na jicho halionekani, mhudumu wa zahanati ampe rufaa. Nasi wazazi tusimtie dawa za kienyeji jichoni.