Misuli Hujengwa kwa Jasho, Si kwa Sindano

Miongoni mwa wanaonyanyua vyuma husikika ushauri kwamba misuli haikui mpaka homoni zipandishwe kwanza, ama kwa mazoezi mazito ya miguu, ama kwa sindano. Makala hii inaeleza yaliyothibitishwa kitaalamu, ili kila mkazi wa Njombe na Makambako aamue akiwa na taarifa sahihi.

Ni kweli kwamba mazoezi hutofautiana. Yale yanayotumia misuli mikubwa kwa pamoja, kama kuchuchumaa na kuinuka ukiwa na mzigo, hupandisha testosteroni na homoni ya ukuaji kuliko zoezi la kukunja mkono mmoja. Hata hivyo, ongezeko hilo ni la muda mfupi. Kwa kawaida hushuka ndani ya saa moja hivi.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walilipima jambo hili katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010. Kwa wiki 15, vijana wa kiume waliufanyisha mkono mmoja mazoezi peke yake. Mkono wa pili ulifanyishwa siku nyingine, kisha yakafuata mazoezi mazito ya miguu yaliyopandisha homoni. Mikono yote miwili ilinenepa na kupata nguvu kwa kiasi kinacholingana.

Kinachokuza msuli, basi, ni kazi inayofanywa na msuli wenyewe. Mzigo mzito kwa marudio machache, au mwepesi kwa marudio mengi hadi unapokaribia kushindwa, vyote hukuza misuli. Pushapu, kuchuchumaa na kidumu cha maji vinatosha kuanzia, vikiambatana na usingizi wa kutosha na vyakula vyenye protini kama maharage, maziwa na mayai. Hata wanawake, ambao wana testosteroni kidogo sana, hunufaika na mazoezi haya.

Homoni za kudungwa ni suala jingine. Hizo huweka testosteroni juu kupita kiasi kwa wiki au miezi, na misuli huongezeka kweli. Lakini mwili huacha kutengeneza homoni yake, korodani husinyaa, mbegu za kiume hupungua, na moyo huwekwa hatarini. Aidha, kuchangia sindano huambukiza VVU na homa ya ini. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022–2023 ulionesha kuwa asilimia 12.7 ya watu wazima mkoani Njombe wanaishi na VVU, kiwango cha juu kuliko mikoa yote nchini. Hatari hiyo si ya kupuuzwa.

Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki. Kwa asiyejua aanzie wapi, ipo Jumamosi ya pili ya kila mwezi, iliyotengwa kwa mazoezi tangu kampeni ya kitaifa iliyozinduliwa Desemba 2016 na Mhe. Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais.

Aliyekwisha kutumia sindano hizo asione haya. Afike katika kituo cha afya cha umma kilicho karibu naye, amweleze mtaalamu bila kuficha, na apime VVU. Upimaji huo hautozwi malipo.