Noti Kuukuu ni Mali, Tusiziuze kwa Bei ya Kutupa

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Leo ningependa kuielekeza methali hii kwa walimu na wanafunzi wa kisiwa cha Rusinga na wenzao wa ufuo mzima wa Ziwa Viktoria, kwani kuna biashara inayowabishia hodi: kuuza noti za zamani kupitia intaneti.

Kilichonifanya nishike kalamu ni swali la kijana mmoja niliyepata kumfundisha. Babu yake, aliyekuwa mvuvi, alimwachia noti tatu za 1964 ndani ya kitabu cha sala. Dalali mpita njia aliahidi kuzinunua zote kwa shilingi mia mbili. Kijana akaniuliza, "Mwalimu, niuze au ningoje?" Nilimwambia angoje, na sababu zangu ndizo hizi.

Noti hizo zilitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka wa 1919. Kwa miaka mingi noti zake zilibeba sura za wafalme wa Uingereza, kisha ya Malkia Elizabeth. Mwaka wa 1964, nchi zetu zikiwa zimejipatia uhuru, sura ya Malkia iliondolewa na mahali pake pakachorwa mashua ya tanga katika Ziwa Viktoria. Ukiiinua noti hiyo kwenye mwanga, utaona kichwa cha kifaru ndani ya karatasi. Maisha yake yalikuwa mafupi, kwa kuwa Benki Kuu ya Kenya ilitoa noti zake za kwanza tarehe 14 Septemba 1966. Wakati huo Tom Mboya, ambaye kaburi lake liko Rusinga, alikuwa Waziri wa Mipango ya Uchumi na Maendeleo. Hiyo basi ni historia ya ziwa letu iliyopigwa chapa kwenye karatasi.

Hata hivyo, msomaji asidhani kwamba kila noti iliyofutwa ni dhahabu. Noti ya zamani ya shilingi 1,000 ilikoma kuwa fedha halali baada ya tarehe 30 Septemba 2019, na zaidi ya noti milioni saba hazikurejeshwa benki. Kitu kilichosalia kwa mamilioni hakiwezi kuitwa adimu. Wakusanyaji hutazama uchache, tarehe, sahihi, namba, na zaidi ya yote hali ya karatasi. Noti isiyokunjwa inaweza kupata bei maradufu ya mwenzake iliyochakaa. Kwa hivyo, anayeifua noti au kuipiga pasi ili ing'ae anajiharibia mwenyewe.

Kwa anayeuza mara ya kwanza, hatua ni chache lakini zataka uaminifu. Apige picha pande zote mbili, kisha aeleze wazi kila mkunjo, tundu na doa. Katika soko kama eBay, lililoanzishwa 1995, achunguze bei ambazo noti kama yake zimekwisha kuuzwa, wala si bei ambazo wauzaji wanatamani. Asitume kitu kabla ya kulipwa, na asiitie noti katika barua ya kawaida. Aisajili posta na kuhifadhi risiti. Na mnunuzi anayedai kwanza "ada ya usajili," au anayeuliza namba ya siri ya M-Pesa, huyo si mnunuzi bali ni mwizi.

Najua wapo watakaosema kwamba kuuza noti hizi ugenini ni kuuza urithi. Hoja hiyo ina uzito, hasa Rusinga. Mwaka wa 1948 Mary Leakey aligundua kisiwani humo fuvu la Proconsul, kiumbe wa jamii ya nyani aliyeishi mamilioni ya miaka iliyopita. Fuvu hilo lilipelekwa Uingereza, na zaidi ya miaka thelathini ilipita kabla halijarudi Kenya. Lakini fuvu lilikuwa moja, ilhali noti zilichapishwa kwa wingi. Isitoshe, Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya 2006 inapotaja vitu vya kale huvihesabu vya kabla ya 1895. Siwezi kumnyima mjukuu wa mvuvi karo kwa jina la urithi ambao hakuna aliyeutunza ila babu yake.

Ninachopinga ni kuuza gizani. Dalali hufaidika kwa sababu yeye anajua na sisi hatujui, na dawa ya ujinga huo imo mikononi mwa shule. Mwalimu wa Historia na awatume wanafunzi wake wawaulize wazee wana noti gani, walizipataje na zilinunua nini wakati wao: samaki wangapi, nyavu ngapi. Majibu yaandikwe daftarini pamoja na picha za noti. Shule ikiweza, ijinunulie noti moja ya mashua kwa bei ya haki na kuihifadhi maktabani.

Daftari hilo likishajazwa, mwenye noti yake na auze akipenda. Karatasi itasafiri kwenda kwa mkusanyaji wa mbali, lakini habari yake itabaki kisiwani, na bei yake itaingia mfuko unaostahili.