Akiba ya Shamba Lazima Ioze

Wahenga walisema, "Akiba haiozi." Methali hiyo ni ya kweli kwa fedha. Lakini mkulima anayo akiba nyingine, nayo haimfai kitu mpaka ioze kwanza. Akiba hiyo ni mabua ya mahindi, maganda ya maharagwe, majani ya migomba, magugu na samadi ya ng'ombe.

Baada ya mavuno wakulima wengi hukusanya mabua na kuyatia moto ili shamba lionekane safi. Mvua zikikaribia, mkulima yule yule huenda dukani kununua mbolea kwa bei kali. Hebu fikiri, ndugu mkulima. Mahindi yalipokuwa yakikua yalinyonya chakula chake udongoni. Ukichoma mabua, karibu naitrojeni yote hupotea pamoja na moshi, yakabaki majivu. Basi umechoma kitu ambacho utakwenda kukinunua.

Mabua mazuri wape ng'ombe kwanza, na samadi yao uirudishe shambani. Mabaki mengine yafanye hivi:

1. Chagua mahali penye kivuli, pasipotuama maji. Pima upana wa futi 4. Urefu ni kadiri ya mabaki uliyo nayo.

2. Tandaza chini mabua makavu yaliyokatwakatwa, ili hewa ipite.

3. Juu yake weka majani mabichi, kisha samadi, kisha udongo kidogo na majivu machache. Nyunyiza maji. Rudia hivyo hivyo mpaka lundo lifike futi 4 au 5 kwenda juu.

4. Chomeka fimbo ndefu katikati, kisha funika lundo kwa majani ya migomba.

Baada ya siku chache, chomoa fimbo uishike. Ikiwa ya moto, kazi yaendelea vizuri. Joto la ndani laweza kufika digrii 60, nalo huua mbegu nyingi za magugu. Ikiwa baridi na kavu, ongeza maji. Ikiwa baridi na yanuka, maji yamezidi. Geuza lundo lipate hewa. Geuza tena kila baada ya wiki 3. Baada ya miezi 3 hivi utaona mbolea nyeusi, laini, yenye harufu ya udongo wa msituni.

Usitie humo mahindi yaliyopatwa na ule ugonjwa wa virusi unaokausha majani, ulioonekana Kenya kwa mara ya kwanza huko Bomet mwaka 2011. Yang'oe mapema uyateketeze. Hapo ndipo moto unapofaa.

Yafaa ujue pia kwamba lundo moja halitoshi ekari nzima. Kwa hiyo usiimwage mbolea ovyo. Tia konzi mbili katika kila shimo la kupandia. Wala usiache mbolea ya dukani kama waweza kuinunua. Hizi mbili husaidiana, kwa sababu udongo wenye mboji hushika maji, na mvua haiichukui upesi ile mbolea uliyoilipia.

Kama bado una shaka, jaribu msimu ujao. Tia mboji katika mistari 5 ya mahindi, na mistari 5 ya kando yake uiache bila mboji. Siku ya kuvuna, pima mavuno ya kila upande kwa debe. Shamba lako mwenyewe litakupa jibu.