Kusomea tamthilia si kusomea uigizaji

Aghalabu wanafunzi wanaomaliza kidato cha nne hudhani kwamba kusomea fasihi na kusomea sanaa za maonyesho ni mamoja. Wapi! Idara ya fasihi huchanganua tamthilia iliyoandikwa. Sanaa za maonyesho hudai mwili, sauti na jukwaa. Neno lenyewe linatokana na ‘onyesha’, yaani kufanya kitu kionekane.

Basi kabla ya kutuma maombi kwa KUCCPS, uliza: Chuo kina ukumbi? Wanafunzi huigiza mara ngapi kwa mwaka? TaSUBa kule Bagamoyo, iliyoanza mwaka wa 1981 kama Chuo cha Sanaa, hufunza ngoma, muziki na uigizaji kwa vitendo. Ukikosa majibu, tafuta kwingine mapema, karo hairudi.