Chupa ya chai ina la kutufunza

Nyanya yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na chupa ya chai aliyoienzi kuliko vyombo vyote vya jikoni mwake. Siku moja, nikiwa mtoto, niliiangusha. Nilipoitikisa sikusikia mlio wa vigae, nikaishukuru bahati yangu na kuirudisha rafuni. Kumbe furaha yangu ilikuwa ya bure. Chai iliyotiwa humo usiku ilimiminika asubuhi ikiwa baridi kama maji ya mtungi. Nyanya aliifungua chupa, akanionyesha ncha ndogo ya kioo iliyokatika kitakoni. "Hewa imeingia," akasema. "Hii si chupa tena, mjukuu wangu, ni mkebe."

Maneno hayo yalinirejea miaka mingi baadaye, nilipomsindikiza shangazi yangu hospitalini kupigwa picha ya uti wa mgongo kwa mashine ya MRI. Tuliarifiwa kwamba mashine haifanyi kazi. Mtambo wa kuipoza ulikuwa umeharibika, majuma yakapita bila ya kutengenezwa, na ile baridi iliyo roho ya mashine ikatoweka. Shangazi aliugulia wiki tatu zaidi kabla ya kupata nafasi katika mji mwingine. Jengo lilikuwapo, daktari alikuwapo, mashine ilikuwapo. Kilichokosekana ni baridi.

Huenda msomaji akauliza, baridi na picha ya mgongo vina uhusiano gani? Mnamo 1911, katika mji wa Leiden nchini Uholanzi, mwanasayansi Heike Kamerlingh Onnes aligundua kwamba zebaki ikipozwa hadi takriban nyuzi 269 chini ya sufuri, hupoteza ukinzani wake wote dhidi ya umeme. Vitu vyenye tabia hiyo huitwa supakondakta. Umeme ukishatiwa katika pete ya waya wa namna hiyo, huzunguka bila kupungua. Sumaku ya MRI hutengenezwa kwa nyaya za niobiamu na titani zilizozamishwa katika heliamu ya majimaji, yenye baridi kali iyo hiyo. Baridi ikiondoka, sumaku nayo imekwisha.

Hapa ndipo lilipo tatizo. Joto ni mwizi asiyelala. Kila wati moja ya joto inayopenya hadi kwenye heliamu, hata mashine kamilifu ingehitaji wati zipatazo 70 za umeme ili kuitoa, na mashine za kweli hula mamia. Kwa hivyo hekima si kulifukuza joto likishaingia, bali ni kulifungia mlango mapema.

Nayo joto lina milango mitatu. Hupitia katika vitu vigumu, hubebwa na hewa, na husafiri kwa mionzi kama joto la jua. Aliyetuonyesha namna ya kuifunga ni James Dewar, mwanasayansi wa Kiskoti, alipobuni mjini London mwaka 1892 chupa yenye kuta mbili. Kati ya kuta hizo aliondoa hewa na kubakisha ombwe, kisha kioo akakipaka fedha ili kiirudishe mionzi kilikotoka. Dewar hakuwa na haja ya chai. Alitaka kuhifadhi gesi zilizopozwa zikawa majimaji. Hakuchukua hataza, na kampuni ya Kijerumani ikaanza kuiuza chupa hiyo mwaka 1904 kwa jina la Thermos. Chupa ya nyanya ilikuwa kitukuu cha chombo cha maabara.

Ndani ya mashine ya MRI mna chupa iyo hiyo, ila ni kubwa na ni ya chuma. Ndani ya ombwe lake huwekwa tabaka nyingi za karatasi nyembamba za plastiki zilizopakwa alumini, jamii moja na zile shuka za kung'aa wanazovishwa wakimbiaji wetu wamalizapo mbio za marathoni ughaibuni. Tangi la heliamu nalo hushikiliwa kwa mikanda myembamba, kwa kuwa kila kishikizo ni daraja la joto.

Mambo haya hayakukomea hospitalini. Supakondakta zisizohitaji baridi kali kama hiyo zilipogunduliwa mwaka 1986 na 1987, naitrojeni ya majimaji, iliyo rahisi kuliko heliamu, ilianza kutosha. Mwaka 2014 mji wa Essen, Ujerumani, ulizindua kebo ya supakondakta yenye urefu wa kilomita moja, iliyoweza kupitisha megawati 40 kwa volti 10,000 tu. Kebo hiyo ilifumbatwa na mabomba mawili ya chuma, moja ndani ya jingine, na baina yake ombwe. Ilikuwa chupa ya chai yenye urefu wa kilomita!

Na ombwe likivunjika? Mnamo Septemba 19, 2008, katika mtambo mkubwa wa CERN mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, kiungo kimoja cha umeme kilileta hitilafu, cheche ikatoboa chombo cha heliamu, na gesi ikafurika ndani ya ombwe. Sumaku zaidi ya 50 ziliathirika, na mtambo haukuanza tena hadi Novemba 2009. Kiungo kimoja tu!

Wapo watakaosema kwamba haya ni anasa za mataifa tajiri. La hasha. Mashine za MRI zipo nchini mwetu, na wagonjwa wetu wanazitegemea. Aidha, heliamu haioteshwi shambani. Hutoka ardhini, na ndiyo maana habari za mwaka 2016 kwamba imepatikana katika bonde la Rukwa, kwa jirani zetu Watanzania, zilisisimua wengi. Kuiacha ipeperuke hewani kwa uzembe ni kufuja.

Sisi ni hodari wa kukata utepe. Mashine hupokewa kwa hotuba na picha za magazetini, lakini ni nani huuliza siku hiyo kuhusu fundi wa mtambo wa kupoza, vipuri vyake, jenereta ya akiba na anayesoma kipimo cha heliamu kila asubuhi? Maswali hayo yafaa kuandikwa katika mkataba kabla ya kalamu kutiwa wino. Zipo sasa mashine zinazotumia lita chache tu za heliamu zilizofungiwa ndani, na wanunuzi wetu wazifikirie. Hata hizo, hata hivyo, zinahitaji mlinzi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walinena wahenga. Nyanya hakuwahi kuingia maabara, ila alijua pa kutazama: kitakoni, kwenye ncha ndogo isiyoonekana na wageni.